Nani Aliipika Karamu?



Mabinti zetu hapa Fisksätra hawakosi kuzisoma riwaya nane za Julia Quinn juu ya ukoo wa Bridgerton, zilizotoka kati ya 2000 na 2006. Ni hadithi za mapenzi ya malodi wa Uingereza, nazo huanzia London ya mwaka 1813. Hatuwakatazi, kwani kijana asomaye ni neema nyumbani. Ila tuwaulize: karamu zile aliipika nani kila moja? Na sukari ya chai ile aliilima nani? Mwaka ule utumwa ulikuwa halali katika makoloni ya Waingereza. Sheria ya kuukomesha ilipitishwa mwaka 1833.

Nasi tunalo kasri letu. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), Adam Shafi anatuingiza katika jumba la tajiri wa Unguja, mwenye mashamba, hadi Mapinduzi ya 1964. Lakini anatupitisha mlango wa jikoni, pamoja na Kijakazi, mtumishi wa nyumba.

Wazazi, wapeni mabinti vitabu vyote viwili. Ajuaye kumtazama bwana kwa jicho la mtumishi hahadaiki na mapambo.