Barua Pepe: Tuifundishe Kompyuta Lugha Yetu

Miongoni mwa maneno ambayo mpaka wa Busia na Malaba umeyachangia katika Kiswahili, pengine hakuna lililosafiri mbali kuliko "bodaboda". Chimbuko lake ni waendeshaji baiskeli ambao, tangu miaka ya 1960, waliwavusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda. Abiria aliokoa muda na nguvu, lakini ni yeye aliyemwelekeza mwendeshaji mahali pa kwenda. Ni maoni yangu kwamba programu zinazotuokolea muda wa kuandika barua pepe zapaswa kutumiwa vivyo hivyo. Zitubebe, lakini zisituchagulie njia.

Ni jambo lisilo na shaka kwamba kazi ya mwalimu siku hizi haiishii ubaoni. Anatakiwa kupeleka alama za wanafunzi kwa Baraza la Mitihani kupitia intaneti, kuijibu Tume ya Huduma kwa Walimu na kuwaandikia wazazi, wengine wao wakiwa ng'ambo ya pili ya mpaka. Mwanafunzi wa chuo naye huomba nafasi za mafunzo ya kazi, misaada ya karo na barua za kumpendekeza. Aghalabu wote wawili huandika maneno yaleyale siku nenda siku rudi.

Hebu tupige hesabu. Tuseme mwalimu hupiga chapa maneno 20 kwa dakika, na kila barua yake ina maneno 40 yasiyobadilika, yaani salamu, anwani ya shule na tamati. Akiandika barua tano kwa siku, amerudia maneno 200, nayo yamemla dakika 10. Kwa muhula wa wiki 13 wenye siku tano za kazi kila wiki, ni dakika 650, karibu saa 11. Haba na haba hujaza kibaba. Saa hizo zingetosha kusahihisha insha za darasa zima.

Dawa ya maradhi haya si ngeni. Mwaka wa 1988, Steve Dorner wa Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani alitunga programu ya barua pepe aliyoiita Eudora, kwa heshima ya mwandishi wa hadithi Eudora Welty. Mwaka wa 1990, David Harris wa New Zealand akatoa Pegasus Mail. Programu za aina hiyo ziliwazoesha watu kuzipanga barua katika majalada na kuzichuja zinapoingia. Gmail, iliyozinduliwa mwaka wa 2004, ilisisitiza utafutaji, ili mtu aipate barua ya zamani kwa kuandika neno moja tu.

Msomaji mpendwa, mambo matatu yatakufaa. Kwanza, weka vichujio. Iamuru programu yako kwamba kila barua itokayo kwa afisi fulani ipewe lebo yake, na matangazo ya biashara yasiingie katika kikasha kikuu. Pili, hifadhi violezo vya barua unazozirudia, kama vile mwaliko wa mkutano wa wazazi. Tatu, tumia vifupisho. Simu nyingi zina kamusi ya binafsi ambamo waweza kuagiza kwamba ukiandika herufi tatu, zigeuke sentensi nzima. Katika kompyuta, Microsoft Word ina usahihishaji wa papo hapo uwezao kazi hiyohiyo. Hata hivyo, chagua kifupisho kisicho neno. Ukichagua "na" au "kwa", barua zako zitajaa salamu katikati ya kila sentensi.

Hapa ndipo mwanaisimu hana budi kusema neno. Mashine nyingi huletwa zikiwa zimefunzwa Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili akizitumia zilivyo, maneno "pole", "wake" na "tuna" hupita salama kwa kuwa yana mapacha katika Kiingereza, ilhali "wakulima" na "tutawaandikia" hupigiwa mstari mwekundu kana kwamba ni makosa. Mwanafunzi anayeona wekundu huo kila siku huanza kuishuku lugha yake. Hatimaye huandika Kiingereza, si kwa kuwa amekipenda, bali kwa kuwa mashine haimsumbui. Lugha hupoteza uwanja kwa njia za kimyakimya namna hii.

Aidha, haitoshi kuimiminia mashine orodha ya maneno. Chukua mzizi wa kitenzi kimoja tu, "andikia". Una viambishi sita vya nafsi ya mtenda, nyakati nne za kawaida, na viambishi vitano vya mtendwa au kukosekana kwake. Zao lake ni maumbo 144. Hata ukiyaondoa yale yasiyotumika, yatabaki zaidi ya 100, nasi hatujagusa ukanushi wala ngeli za vitu. Programu ya Kiswahili sharti ijue sarufi.

Mgala muue na haki yake mpe. Wapo waliojitahidi. Mwaka wa 2004, mradi wa Kilinux uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia iliyovikwa Kiswahili. Microsoft nayo ilitoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Lakini chombo kisichotumiwa hushika kutu. Ni walimu wangapi wamewahi kuibadilisha lugha ya kibodi zao iwe Kiswahili? Kazi hiyo ni ya dakika mbili, na kila neno la Kiswahili, la Kisamia au la Kiteso unaloliongeza katika kamusi ya binafsi halitapigiwa mstari tena.

Tahadhari hazikosi. Usihifadhi nywila wala nambari ya kitambulisho katika kompyuta ya kukodi mjini. Usitume kiolezo kabla ya kukisoma, maana mwanafunzi aombaye msaada kwa jina la mtu mwingine amejinyima mwenyewe. Na barua ya rambirambi isiwe na kiolezo kamwe. Mfiwa hutambua maneno yaliyokwisha kutumwa kwa wengine.

Nawahimiza walimu wa Kiswahili wa Busia na Malaba watenge kipindi kimoja katika muhula huu. Wanafunzi waweke kibodi ya Kiswahili, waunde vifupisho vitano, kisha wamwandikie mzazi au mlezi barua kamili yenye salamu na adabu. Muda watakaouokoa katika kurudia anwani wautumie kutafuta neno linalofaa.