Mabomu ya kuogea ya majani: hiyo "soda" unayoweka ni soda ipi?

Naona siku hizi kila kona kuna mtu anafundisha kutengeneza mabomu ya kuogea nyumbani. Kwa ambao hawajakutana nayo: ni donge la unga ulioshindiliwa, unalitupa kwenye maji linachemka povu na kunukia mpaka linaisha. Kitu chenyewe sio kigeni. Mama mmoja wa Uingereza, Mo Constantine, alilibuni mwaka 1989 baada ya kuvutiwa na vidonge vya Alka-Seltzer vinavyochemka kwenye glasi, na baadae kampuni ya Lush ikayauza dunia nzima.

Kilichonifanya niandike ni neno moja tu, SODA. Maelekezo mengi niliyoyasoma yanasema "chukua soda vikombe viwili" halafu basi. Soda gani jamani? Bongo ukienda dukani (ukiacha ya kunywa) unaweza kupewa vitu vitatu tofauti. Kuna bekingi soda, ile ya keki, ambayo kitaalamu ni sodiamu baikaboneti. Kuna magadi, yale ya kulainishia maharage na makande. Halafu kuna kostiki soda ya kutengenezea sabuni. Zote ni nyeupe au zinakaribia kuwa nyeupe, na zikishawekwa kwenye kamfuko ka nailoni bila jina hakuna anayejua ipi ni ipi.

Inayotakiwa ni ya kwanza TU. Magadi yana ukali zaidi, yanakausha ngozi na kuiwasha. Kostiki ndo balaa kabisa: inaunguza ngozi, ikiingia jichoni inaweza kupofua, na ukiichanganya na asidi na maji kidogo inatoa joto kali hapohapo kwenye bakuli. Na msidanganyike na kale kamtihani ka kudondoshea ndimu, eti ikitoa povu ni yenyewe. Magadi nayo yanatoa povu! Nunua pakiti iliyofungwa, soma maandishi. Bekingi pauda pia sio mbadala, ile tayari imechanganywa na asidi na wanga, povu lake litakuwa la kinyonge.

Waliosoma kemia wanakumbuka: baikaboneti ikikutana na asidi kwenye maji inatoa gesi ya kabonidayoksaidi, ileile ya kwenye soda ya chupa. Asidi yetu ni sitriki, yaani ndimu ya unga, wanayoweka kwenye ubuyu. Zikiwa kavu zinakaa pamoja kwa amani, maji ndo yanazigombanisha. Kwa hiyo wanaosema povu "linavuta sumu mwilini" wanauza maneno. Ni gesi na harufu nzuri, basi.

Mimi napima hivi: bekingi soda kikombe 1, ndimu ya unga nusu kikombe, konifulawa robo kikombe, na kijiko 1 cha chakula cha majani makavu yaliyosagwa na kuchekechwa. Mchaichai au mrehani ni mazuri, ila yaanikwe kivulini mpaka yavunjike mkononi, yakiwa na unyevu umeharibu kazi yote. Vaa glavu na ufunike pua, vumbi la ndimu ya unga linachoma. Ongeza mafuta ya nazi kijiko kimoja kimoja, ukifinya unga ushikane kama mchanga wa kujengea. Shindilia kwenye vikombe vidogo vya kahawa, acha siku nzima. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo kwa joto la Dar usitegemee yagande yakusaidie, nguvu ya mkono ndo inashikilia.

Mafuta ya karafuu ni matone mawili tu kwa mchanganyiko wote. Ni makali yale, na watoto wadogo waacheni kabisa.

Wengi wetu hatuna bafu la kulala ndani, tunaoga kwa ndoo. Haina shida, donge dogo kwenye beseni la kulowekea miguu linatosha, dakika kama 15. Ila sakafu inateleza kwa yale mafuta. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi asiloweke bila kuongea na daktari, maana maji ya moto yanaweza kumuunguza asisikie. Mwenye kidonda naye apishe. Na dada zangu, kuyakalia kwa ajili ya "usafi wa ndani" hapana, mnajitafutia fangasi.

Kwa wanaotaka kuuza: vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, sio TFDA tena, hivyo anzieni huko. Na kwenye lebo andika "bekingi soda" kwa ukamilifu, sio "soda". Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Masika usihangaike kutengeneza, unyevu wa Pwani unayachemsha yakiwa bado kwenye trei.