MUME AKIPIGA, KOSA LIANDIKWE

Watu wengi husema kuwa mume akimpiga mke, hilo ni jambo la nyumbani. Husema liishe chumbani. Sivyo. Kumpiga mke ni kosa, na sheria ya nchi yetu imekataza tangu zamani.

Mwaka 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa. Kifungu cha 66 cha sheria hiyo kinasema kuwa hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake wa ndoa kwa kumpiga. Mume hana haki hiyo. Mke pia hana. Lakini kifungu hicho hakikutaja adhabu. Adhabu imo katika sheria nyingine, iitwayo Kanuni ya Adhabu. Mtu akimpiga mwenzake akamuumiza, anaweza kufungwa hadi miaka 5. Mume hakusamehewa katika sheria hiyo.

Hata hivyo, kipigo bado kipo. Shirika la Afya Duniani lilifanya utafiti Dar es Salaam na Mbeya kati ya mwaka 2001 na 2002. Dar es Salaam, katika kila wanawake 100 waliowahi kuwa na mume au mwenzi, 41 walisema waliwahi kupigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na mwenzi huyo.

KWA NINI KESI HUFA?

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Mbagala amepigwa usiku. Asubuhi jicho limevimba. Anakwenda kwa mjumbe. Mjumbe anamwita mume. Mume anaomba radhi, nao wanarudi nyumbani. Hakuna lililoandikwa.

Baada ya miezi miwili anapigwa tena. Sasa mkono umevunjika. Anakwenda polisi. Anasema, "Hii si mara ya kwanza." Anaulizwa, "Ushahidi uko wapi?" Uvimbe wa jicho umekwisha pona. Wapangaji wenzake waliosikia kelele wamehama. Hana hata karatasi moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kesi nayo ni hivyo hivyo.

KARATASI TATU

Mama aliyepigwa aende kituo cha polisi mapema. Kuanzia mwaka 2008 polisi walianza kuweka Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo. Uliza, "Dawati la Jinsia liko wapi?" Una haki ya kusikilizwa faraghani, si mbele ya watu kaunta.

Karatasi ya kwanza ni namba ya RB. Inaonyesha kuwa taarifa yako imeandikwa katika kitabu cha polisi. Itunze.

Ya pili ni PF3. Hii hutolewa na polisi bure. Daktari huandika humo majeraha aliyoyaona. Majeraha hupona, lakini maandishi ya daktari hubaki. Kama umeumia sana, nenda hospitali kwanza. Uhai kwanza, karatasi baadaye.

Ya tatu ni maelezo yako, ambayo polisi huyaandika. Hapa ndipo kisomo kinapofaa. Usitie sahihi kabla ya kusoma. Kama kuna neno ambalo hukulisema, sema lirekebishwe.

Aliyebakwa awahi hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kuzuia Virusi vya Ukimwi na mimba. Asioge wala asifue nguo alizovaa. Kosa la kubaka lina kifungo kisichopungua miaka 30. Kwa mtoto anayefanyiwa ukatili, piga simu 116. Ni bure.

BARAZA HALIHUKUMU KIPIGO

Baraza la usuluhishi la ndoa lina kazi yake. Hujaribu kupatanisha mume na mke kabla ya shauri la talaka kufika mahakamani. Halina uwezo wa kuhukumu kosa la kupiga. Mama akienda barazani, bado ana haki ya kwenda polisi.

Akina mama wengine huvumilia kwa kuogopa kuondoka mikono mitupu. Wajue kuwa mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua jambo kubwa. Ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Basi mke anaweza kudai sehemu yake hata kama hakuwa na mshahara.

Mashauri ya ndoa na mirathi yana mahali pake Temeke. Mwaka 2021 Mahakama ilianzisha huko Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia. Mahakama za ngazi mbalimbali ziliwekwa pamoja, ili mwananchi asitangetange mjini. Asiye na fedha za wakili asikate tamaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu kuomba msaada bure. Kinondoni kipo pia Kituo cha Msaada wa Sheria kwa Wanawake.

KAZI ILIYOBAKI

Sheria nzuri haitoshi. Mama wa Chamazi au Bunju akitumia nauli yake ya mwisho kufika kituoni, halafu aambiwe "kayamalizeni nyumbani," hatarudi tena. Siku nyingine ataletwa akiwa amebebwa. Kwa hiyo kila dawati liwe na chumba cha faragha na askari aliyefunzwa kazi hiyo.

Wajumbe na wenyeviti wa mitaa nao wana wajibu. Akija mama aliyepigwa, andika tarehe, jina na uliyoyaona. Kisha mpeleke polisi. Usimrudishe kwa aliyempiga.

Majirani, mkisikia kelele msifunge madirisha. Nendeni, na mkubali kutoa ushahidi. Nanyi akina mama mliojifunza kusoma, wasomeeni wenzenu gazeti hili.