Utafiti ulivyowatoa wachuuzi wa maziwa mafichoni

KABLA ya mwaka 2004, mchuuzi wa maziwa mabichi jijini Nairobi alifanya kazi kwa kujificha kama mwizi. Alipokamatwa, maziwa yake yalimwagwa na faini ikamsubiri. Hasara hiyo ilirudi hadi kwa mkulima aliyempa maziwa kwa mkopo.

Sheria ya maziwa nchini Kenya ilitungwa mwaka 1958, enzi za ukoloni, na ilitekelezwa kwa kupendelea maziwa ya viwandani. Lakini hali ya soko ilikuwa nyingine, hasa baada ya biashara hiyo kufunguliwa mwaka 1992. Watafiti walikadiria kuwa zaidi ya asilimia 80 ya maziwa yaliyouzwa nchini yaliuzwa mabichi.

Makadirio hayo yalitoka kwa mradi wa wafugaji wadogo wa ng'ombe wa maziwa ulioanza mwaka 1997. Uliunganisha wizara ya mifugo, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (KARI) na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), kwa ufadhili wa Uingereza. Maafisa wa wizara hawakusubiri kuletewa ripoti mezani. Walishiriki utafiti wenyewe.

Watafiti walichunguza iwapo maziwa hayo ni hatari kama ilivyodaiwa. Waligundua kuwa karibu kila familia huyachemsha kabla ya kunywa, hatua inayoua viini vya magonjwa kama brusela. Mabaki ya dawa za mifugo nayo yalipatikana katika maziwa mabichi na ya pakiti pia. Hayo hayaondolewi kwa kuchemsha. Kinga yake iko kwa mkulima: asiuze maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa ziishe.

Mwaka 2003 wasindikaji walifanya kampeni dhidi ya maziwa mabichi. Watetezi wa wakulima na wachuuzi waliwajibu kwa takwimu, na mwaka uliofuata pande zote zikakutana kujadiliana. Sheria yenyewe haikuandikwa upya wakati huo. Kilichobadilika ni utekelezaji. Bodi ya Maziwa ilianza kuwapa leseni wachuuzi waliopata mafunzo ya usafi, ya kupima maziwa yaliyotiwa maji, na ya kutumia mikebe ya alumini badala ya mitungi ya plastiki isiyosafishika vizuri.

Wachumi walikadiria baadaye kuwa mabadiliko hayo yaliuletea uchumi wa Kenya faida ya takriban dola milioni 33 kwa mwaka, zaidi ya nusu ikiwaendea wakulima na wanunuzi.

Si kila tatizo lilikwisha. Hata hivyo, mchuuzi aliyejiunga na chama, akakubali mafunzo na kumfungulia mtafiti mkebe wake, alipata hoja ambayo malalamiko peke yake hayakuwa yamempa. Mkulima anayeulizwa maswali na watafiti shambani naye asiyaone kuwa ya kupoteza muda. Majibu yake yanaweza kufika inakotungwa sera.