'Loath' na 'loathe': Kusita si kuchukia

Maneno ya Kiingereza 'loath' na 'loathe' huwatatiza wengi, wakiwemo wanahabari na wafasiri. Kimaandishi, yanatofautiana kwa herufi moja tu. Kimaana, yako mbalimbali kabisa.

'Loath' ni kivumishi. Hueleza hali ya mtu kusita au kutokuwa radhi kutenda jambo. Huishia kwa sauti 'th' kama ya 'thelathini'. 'Loathe' nalo ni kitenzi, yaani kuchukia mno, na huishia kwa 'dh' kama ya 'dhahabu'.

Chukua mfano wa mbunge anayesema hivi kumhusu mwenzake: "I am loath to work with him." Ukiandika kwamba 'anachukia kufanya kazi naye', basi umezua uhasama ambao mwenyewe hakuutaja. Alichosema ni kwamba anasita.

Je, tuseme 'shingo upande'? Hapana. Anayefanya jambo shingo upande amelitenda, ingawa hakutaka. Aliye 'loath' huenda asilitende katu. Kwa hivyo, 'kusita' au 'kutokuwa radhi' ndiyo tafsiri mwafaka.