Piloti isiyotaka kuhama

Ndugu msomaji, katika ukurasa huu tumezoea kukuambia habari za kofia, viatu vya usalama, vumbi na maji safi ya kunywa. Leo tunakaa pamoja nawe mbele ya kompyuta. Usiseme: «Hiyo ni kazi ya watu wa buro.» Kompyuta ile ambayo mtoto wako anaandikia kazi yake ya chuo ndiyo inayojua neno lako la siri la benki.

Kila chombo cha kompyuta, kama vile kibao cha herufi, diski au mashini ya kuchapa, kina programu ndogo ya kukiongoza. Programu hiyo inaitwa piloti. Piloti nyingi hazikai sebuleni pamoja na programu nyingine. Zinafanya kazi katika kiini cha Windows, na huko kosa moja laweza kuangusha mashini nzima. Tarehe 19 mwezi wa saba 2024, faili moja tu yenye kasoro, iliyosomwa na piloti ya usalama ya kampuni CrowdStrike, iliangusha kompyuta karibu milioni 8.5 duniani. Ndege zilibaki chini na hospitali zikarudi kwenye karatasi.

Sasa, wewe unafuta programu usiyoitaka tena. Jina lake linatoweka, nawe unafurahi. Lakini piloti yake imebaki, imeandikwa katika daftari ya Windows kama servisi. Ni kama mpangaji aliyehama nyumba ya kambi lakini akabaki na ufunguo mfukoni.

Chukua mfano wa piloti inayoitwa WinRing0. Programu nyingi za kupima joto la kompyuta na kuongoza feni zake ziliitumia, mojawapo ni Open Hardware Monitor. Katika mwaka 2020 udhaifu wake uliandikwa katika orodha ya watu wote kwa namba CVE-2020-14979: programu yoyote ndogo, hata isiyo na ruhusa, yaweza kupitia kwake na kusoma au kuandika popote katika kumbukumbu ya mashini. Yaani mwizi akipata mlango huu anakuwa bwana wa nyumba. Tangu mwezi wa tatu 2025, Defender, mlinzi wa Windows, anapiga kelele akiiona. Na tukucheke kidogo, ndugu mchimbaji: XMRig, programu ya kuchimba sarafu za Monero, nayo inaitumia. Kwa hiyo ukiikuta katika mashini ambayo hujaweka programu ya joto, yawezekana kuna mtu anachimba kwako usiku bila kofia wala posho!

Namna gani kuiondoa? Fungua «Invite de commandes» kama administrateur, kisha andika: sc.exe qc WinRing0_1_2_0. Usisahau ile «.exe», kwa sababu katika PowerShell ya Windows neno «sc» peke yake lina kazi nyingine kabisa. Jibu litakuonyesha njia ya faili na namna servisi inavyoanza. Soma njia hiyo vizuri, kwani inakuambia ni programu gani iliyoileta. Ikiwa programu hiyo ingalipo, ifute kwanza kwa njia ya kawaida. La sivyo, itairudisha piloti kila mara unapoiwasha.

Hapa simama. Mgodini hakuna mtu anayetia mkono ndani ya mashini kabla ya kukata umeme na kuweka kufuli lake. Fanya vivyo hivyo. Tengeneza «point de restauration», kisha uweke akiba ya yale yaliyoandikwa: reg export HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\WinRing0_1_2_0 C:\akiba.reg. Halafu funga servisi bila kuifuta: sc.exe config WinRing0_1_2_0 start= disabled. Nafasi baada ya alama ya = ni ya lazima. Washa mashini upya, uitumie siku mbili tatu. Kila kitu kikienda sawa, andika: sc.exe delete WinRing0_1_2_0. Faili yenyewe, ile yenye mwisho wa .sys, ifutwe nyuma ya hayo yote.

Ukipata namba 5, hukufungua kama administrateur. Namba 1072 inasema kwamba servisi imekwisha kutiwa alama ya kufutwa lakini kuna dirisha au programu inayoishika bado. Funga orodha ya servisi, washa mashini upya, itakwenda.

Lakini angalia sana! Si kila piloti inafutwa hivyo. Piloti za antivirusi za zamani, za kufunga diski kwa siri, na nyingine za kibao cha herufi, zinajiweka kama chujio katikati ya Windows na chombo. Majina yao yameandikwa pia katika mistari ya UpperFilters na LowerFilters. Ukifunga au kufuta servisi huku jina limebaki katika mistari hiyo, kibao kitakataa kuandika, na ikiwa ni diski, Windows haitafunguka tena kabisa. Basi kabla ya kuweka kufuli, uliza: reg query HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Class /s /d /f, ukiongeza jina la piloti. Jina likitokea humo, acha mikono. Tafuta chombo cha kufutia kilichotolewa na kampuni ile ile iliyotengeneza programu.

Kuna na piloti zilizoingia pamoja na chombo chenyewe. Diski za nje za Western Digital zimeacha katika mashini nyingi faili wdcsam64.sys, ambayo inazuia ulinzi unaoitwa «Intégrité de la mémoire». Kwa hizo sc.exe haitoshi. Andika pnputil /enum-drivers, utafute jina la aina ya oem12.inf lililo la kampuni hiyo, kisha: pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall. Weka namba yako mahali pa 12. Ukikosea namba utaondoa piloti ya chombo kingine, kwa hiyo soma mara mbili.

Hayo yote ni kwa kompyuta yako ya nyumbani. Kompyuta ya kampuni, zaidi ile inayoangalia pampu, hewa ya chini au kamba ya lifti, usiiguse hata kidogo. Andika kwenye karatasi jina la piloti na maneno uliyoyaona, uwapelekee watu wa informatique.

Nyumbani, ukimaliza, uliza mara ya mwisho: sc.exe query WinRing0_1_2_0. Jibu likiwa namba 1060, servisi haipo tena. Washa mashini upya uulize tena, maana nyingine zinarudi asubuhi kwa njia ya kazi iliyopangwa katika «Planificateur de tâches».