Waya Tatu Nyembamba Ambazo Fundi Asikate

Fungua boneti ya Corolla yoyote iliyobadilishwa injini, Changamwe au Kisauni, uone mambo. Tepu juu ya tepu, waya zimejazana kama nyavu zilizotupwa ufuoni. Injini ya 4A au 5A kutoka Japani huja na fungu zima la waya, na kama gari lako halina AC wala gia za otomatiki, nyingi hazina kazi kwako. Ndiyo maana vijana wengi wataka kuzipunguza.

Kupunguza si kosa. Hewa yetu ya chumvi hula shaba mpaka igeuke kijani, na kila kiungo unachoondoa ni pahali pamoja kidogo pa kuharibika. Lakini kuna kona moja ambayo kisu kikipita vibaya, utalipa: altaneta.

Nyuma ya altaneta kuna waya nene iliyobanwa kwa nati. Hiyo ndiyo inayobeba umeme hadi kwa betri. Pembeni kuna soketi ndogo, na kwenye Toyota nyingi za miaka ya 90 ina waya tatu nyembamba. Hapo ndipo mtu husema, "Hizi za nini? Chaji si ni ile nene?" Sikiza. Ile nene ni msuli tu. Akili iko kwa hizi tatu.

Ya kwanza huitwa IG. Hutoka kwa swichi ya ufunguo na kuiamsha regyuleta, kile kifaa cha ndani kinachopima chaji. Ikikatwa, altaneta yazunguka bure. Ukiiunganisha moja kwa moja kwa betri bila kupitia swichi, itanyonya betri polepole gari likiwa limelala. Asubuhi utalisukuma.

Ya pili ni L, ya ile taa nyekundu ya betri kwenye dashibodi. Wengi huiona pambo. Ukiitoa, gari laweza kuendelea kuchaji sawa tu, lakini siku chaji itakapokufa hutaambiwa. Taa kubwa mbili za wati 55 peke yake hula kama ampea 8 au 9. Ongeza feni ya rejeta, wipa na muziki, kisha ujiweke kwenye msongamano wa Changamwe usiku wa mvua. Betri itakwisha kimyakimya, na huenda ukajua ukiwa Likoni, feri imefika, ufunguo wapiga "tk" tu, na nyuma yako watu wote wakupigia honi.

Ya tatu ni S. Hii huenda hadi upande wa betri kupitia fyuzi yake ndogo, kuiambia regyuleta betri ina volti ngapi hasa. Wengine huikata na kuifunga pale pale nyuma ya altaneta. Gari litachaji, ila regyuleta sasa yapima mlangoni kwake badala ya kupima kwa betri. Umeme ukipotea njiani, haitajua, na betri haitashiba.

Tukirudi kwa ile nene: usiweke nyembamba kuliko ya kiwandani, na usiondoe fyuzi yake kubwa. Kiungo kibovu kinachopoteza nusu volti tu wakati ampea 60 zinapita hutoa joto la wati 30. Hilo ni sawa na chuma cha moto ambacho mafundi wa simu huyeyushia risasi. Sasa wewe umekifunga tepu ya plastiki karibu na bomba la petroli.

Kujua kama kazi imefanywa vizuri hakuhitaji cheti. Wahitaji mita tu. Injini ikiwa imezima na gari limepumzika, betri iliyojaa husoma kama volti 12.6. Washa injini: itafaa isome kati ya 13.5 na 14.8. Kisha washa taa zote, weka ncha moja ya mita kwenye ile nati ya altaneta na nyingine kwenye chanya ya betri. Ikizidi volti 0.3, kuna kiungo cha kurudiwa. Na mtu akikwambia ujaribu altaneta kwa kuchomoa betri injini ikinguruma, mkatalie. Volti hupanda ghafla na zaweza kuua regyuleta au kompyuta ya injini.

Kwa hivyo kabla fundi hajashika koleo, mwulize swali moja: "IG, L na S zitaenda wapi?" Akikuonyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine, mwachie kazi. Akicheka na kusema si lazima, funga boneti umshukuru, utafute mwingine.